Kikapu Ndani ya Nyumba ya Muuza Mkaa

Maharage yalikuwa yakiiva bila moto, na Mama Pacha alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri mgonjwa apitiwe na usingizi. Sufuria haikuonekana. Ilikuwa imezama ndani ya kikapu kipana cha sokoni, imefunikwa blanketi kuukuu, juu ya blanketi mto uliojazwa pumba za mpunga, na juu ya mto koti la mvua lililopasuka makwapa. Kikapu kizima kilifanana na mtu mnene aliyelala chali baada ya kushiba. Hakikutoa moshi wala sauti. Ukipenyeza kiganja chini ya mto ndipo ulipolipata joto, joto la taratibu, kama la mtoto aliyebebwa mgongoni muda mrefu.

Aliipenda saa hii. Watoto wako shule, mume yuko kibandani, jiko limezimwa tangu saa nne asubuhi, na chakula kinajipika chenyewe kama kimekumbuka wajibu wake. Mwanga wa mchana ulipita kwenye pazia jepesi ukakaa sakafuni. Mara kwa mara mawazo yalimchukua akajiona yuko mahali penye kivuli kingi na harufu ya majani mabichi, na akizinduka anakuta mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani, shati la mtu limeshonwa nusu mkono.

Alikuwa mke wa muuza mkaa, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Mumewe alikuwa na kibanda kwenye kona ya soko, magunia yamepangwa hadi kwenye bati, lakini mkaa mzima ulikuwa wa wateja. Nyumbani zilikuja chenga, zile zinazobaki chini ya gunia, nusu vumbi nusu mchanga, zinazowaka kwa kusuasua na kuzima ukigeuka tu kukata kitunguu. Kupika maharage kwa chenga kulimlia mchana mzima. Siku moja, akikunja blanketi la watoto, alijiuliza: kama hili linamzuia mtu asipoe, litashindwaje na sufuria? Akayachemsha maharage yaliyolala ndani ya maji usiku kucha, nusu saa nzima yakitokota, kisha akaitumbukiza sufuria kikapuni. Saa nane alipofunua, mvuke ulimpiga usoni na maharage yalibonyea kwa ulimi.

Tangu siku hiyo debe la chenga lililokuwa likiisha kwa siku tatu lilifika wiki. Maji ya kuoshea mchele aliyapeleka kwenye mboga zilizoota ndani ya ndoo zilizotoboka. Vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji vikawa mifuko ya soko. Hakuna aliyewahi kumtajia jina la maisha ya namna hiyo. Kwake yalikuwa ni kutotupa kitu, basi.

"Hodi humu!"

"Karibu, Nesi. Pita, ila usinikanyagie huo mshono."

Nesi alikuwa mpangaji wa chumba cha jirani, ndiyo kwanza anatoka zamu, viatu mkononi. Alisimama katikati ya chumba akanusa. "Unapika wapi wewe? Harufu naisikia, jiko silioni."

"Unakaribia kulikalia."

Nesi aliruka kama aliyechomwa sindano, na wote wawili wakacheka. Alipofunuliwa kikapu hakuamini. Aliweka mkono, akautoa, akaurudisha. "Nitengenezee na mimi. Mimi narudi miguu imevimba, mkaa una unyevu, naishia kulala na chai."

"Lete kikapu na nguo kuukuu. Ufundi utanilipa ukipata."

"Na mzee mwenye mkaa wake je? Atasemaje?"

Mama Pacha alicheka tena, akarudi kwenye mshono wake. Wazo hilo lilikuwa limeshampitia zaidi ya mara moja, naye aliliacha lipite kama unavyomwacha apite mtu usiyetaka kusalimiana naye.

* * *

Baada ya Nesi alikuja mwalimu wa darasa la kwanza, baada ya mwalimu, mke wa fundi bomba, na baada yake wakaacha kuja mmoja mmoja. Katika miezi miwili Mama Pacha alishona vikapu kumi na kimoja. Hakuficha, na wala hakusema. Mumewe alitoka alfajiri akarudi jioni, akakuta chakula cha moto, akala, akasinzia. Mtu mwenye njaa haulizi wali umeivia wapi.

Kikapu cha kumi na mbili kilikuwa cha Mama Sahani. Huyu alikuwa na mgahawa nyuma ya soko na sauti ya kuita wateja kutoka mtaa wa pili. Jina alilipata siku alipomkimbilia mteja hadi kituo cha basi akidai sahani yake. Kila Jumatatu alinunua kwa Baba Pacha magunia mawili, na hakuna mteja aliyemzidi.

Yaliyotokea Jumatatu ile Mama Pacha alisimuliwa na muuza vitunguu, jirani wa kibanda, ambaye hakuacha hata neno moja lianguke njiani.

"Nipe gunia moja," alisema Mama Sahani.

"Moja? Si mawili?"

"Yalikuwa mawili."

"Dada yangu, nimekukosea nini? Kama ni bei, tuongee."

"Bei haina kosa. Kamuulize mkeo. Kanishonea kikapu kikubwa kama kitanda cha mtoto, maharage yanaiva mimi nasukwa nywele." Kisha, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kusema kwa sauti ndogo, akaongeza: "Anayekuulia biashara mnajifunika naye shuka moja, Baba Pacha!"

Soko lilicheka. Muuza vitunguu mwenyewe alikiri kwamba alicheka hadi akaegemea magunia, kisha akaona uso wa jirani yake, akajifanya anakohoa.

* * *

Baba Pacha alirudi nyumbani saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Alikaa bila kunawa.

"Chakula kiko wapi?"

"Kikapuni."

"Hebu kifunue."

Alikifunua. Mvuke ulipanda kati yao, mweupe, na kwa muda mfupi hawakuonana sura.

"Umewauzia wangapi?"

"Kumi na mmoja. Na Mama Sahani, kumi na wawili."

"Wote wateja wangu."

"Wote majirani zetu, Baba Pacha."

"Na mimi nikasikie sokoni. Mbele ya muuza vitunguu!" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe. "Ungeshindwa nini kuniambia?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Kila siku. Unakuja umechoka, unakula, unalala na kijiko mkononi. Nikawa nasema kesho."

Aliitazama mikono yake. "Nimeshamtangulizia Tani wa lori nusu ya pesa ya magunia ishirini. Ishirini! Atayanunua nani? Wewe? Kuanzia leo nyumba hii itapika kwa mkaa. Mkaa mzima, siyo chenga. Watu wapite, waone moshi unatoka kwa muuza mkaa."

Mama Pacha alikiweka kikapu juu ya kabati, kikakaa huko kimegeuza mdomo ukutani. Moshi ulitoka kweli. Uliingia kwenye pazia, kwenye mashati ya watu yanayosubiri vifungo, kwenye nywele za mapacha. Hao walikuwa wasichana wa miaka kumi, Mkubwa na Mdogo, na Mkubwa alikuwa amemzidi mwenzake dakika nane ambazo hakumruhusu kuzisahau.

"Mama, mwalimu kanihamishia dirishani," alisema Mdogo. "Kasema nanuka jiko."

"Mimi sikuhamishwa," alisema Mkubwa.

"Wewe una mafua, huwezi kujijua."

Wanawake walibisha hodi wakiwa na vikapu vitupu mikononi. Mama Pacha alisimama mlangoni akawaambia ameacha. Mmoja aliuliza kama anaumwa. Mwingine alisema, huku akiondoka na kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wengine hawapendi wenzao wapate nafuu. Hilo alilala nalo siku tatu.

* * *

Kikohozi kilikuwa mpangaji wa siku nyingi kifuani mwa Baba Pacha, mpangaji asiye na usumbufu. Mwezi ule mpangaji huyo alianza kuhamisha fanicha. Kilimshika akiwa amebeba gunia, kikamkalisha chini katikati ya njia, na watu wakapita pembeni yake wakidhani anapumzika. Nesi aliweka sikio mgongoni mwake, akasikiliza, akasema twende sasa hivi.

Huko kliniki, daktari alimuuliza anafanya kazi gani. Baba Pacha alitazama kucha zake akajibu, "Biashara." Daktari naye alizitazama kucha hizohizo, hakuandika biashara. Alimpa dawa na wiki tatu za kukaa mbali na vumbi.

"Wiki tatu nani atauza?" alisema walipofika nyumbani.

"Mimi," alisema Mama Pacha.

"Wewe?" Alitaka kucheka, kikohozi kikamwahi.

Kwa hiyo yule aliyewafundisha wanawake kutonunua mkaa alifunga kitambaa puani akaenda kuwauzia. Siku ya kwanza walikuja kutazama tu. Mama Sahani alishika kiuno katikati ya njia. "Jamani, njooni muone! Daktari anauza ugonjwa!" Hata Mama Pacha alicheka ndani ya kitambaa, ingawa macho yalimwasha, naye alisema ni vumbi.

Mchana wa siku ya tisa, soko lilipolegea, alikaa juu ya gunia. Bati lilikuwa na matundu, na kwenye kila tundu ulishuka mstari wa mwanga ambamo vumbi jeusi lilielea bila haraka. Aliokota kipande cha mkaa kizito kilichokatika sawasawa. Kwenye uso wa kipande aliona mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine, myembamba kama uzi wa cherehani. Aliijua hiyo ni nini. Alianza kuihesabu kwa ncha ya sindano, kila mstari mwaka mmoja. Alipofika arobaini na tatu alipoteza hesabu na bado hajafika katikati. Mti huu ulikuwa umesimama kabla mama yake hajaolewa. Umenyeshewa, umelaliwa na ndege, umepukutisha na kuchipua, na Mama Sahani angeumaliza kabla ya saa saba.

Macho yalimlegea. Katika usingizi ule mwepesi wa kukaa, aliyaona magunia yakinyooka mgongo. Yakawa magogo, magogo yakawa mashina, mashina yakatoboa bati bila kelele, na juu kabisa kitu cha kijani kikaanza kutikisika. Aliinua uso ili aguswe na upepo.

"Mjukuu wangu, umelala au umekufa?"

Mbele yake alisimama bibi mmoja, kopo tupu mkononi. Ujana wake wote alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na vidole vyake vilibaki vimejikunja kama bado vinakamua.

"Shikamoo, bibi. Samahani."

"Marahaba. Nijazie hili, lakini ulijaze kweli. Mumeo kabla hajaumwa alinijazia hewa."

Mama Pacha alijaza, akaongeza kipande juu. "Leo unapika nini, bibi?"

"Maharage. Yananila makopo mawili, nami nina hela ya moja. Basi leo nayachemsha, kesho namalizia."

"Unakula kesho?"

"Kesho ndiyo. Leo nanusa." Bibi alicheka kwa meno mawili, akalipa, akaondoka kwa hatua ndogondogo, kopo limekumbatiwa kifuani.

Mama Pacha alimtazama hadi alipofika kwenye vitunguu. Alikumbuka amri ya mumewe. Alikumbuka magunia ishirini yaliyo njiani. Kisha akapiga moyo konde.

"Bibi! Rudi kidogo. Nielekeze unapokaa."

* * *

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kibandani, alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mumewe. Baba Pacha alikuwa amenyolewa ndevu na Nesi, na bila zile ndevu alionekana mdogo, kama kaka yake mwenyewe.

"Nina jambo. Leo sitasema kesho."

"Sema."

"Siku tisa nimeuza magunia matatu na nusu. Na jana jioni nilimpelekea bibi mfua mashuka kikapu."

"Si ulisema umeacha kushona?"

"Sikushona. Ni kile chetu."

Mama Pacha alingojea dhoruba, mabega yamepanda hadi masikioni. Mumewe alitazama juu ya kabati, pale palipokuwa na duara safi kwenye vumbi.

"Sasa sisi tutapikia nini?" alisema.

Ilimchukua mkewe muda kulielewa swali. Alipolielewa alijifunika uso kwa kanga, na mabega yakashuka.

"Ngoja nikuambie kitu nisichomwambia mtu," alisema Baba Pacha, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mwaka ule naanza, lori la Tani lilikuwa likija na matope meusi kwenye matairi. Meusi ni ya hapa karibu, mwendo wa saa moja. Baada ya miaka michache yakawa mekundu. Nikasema, haya, amevuka mto. Siku hizi yanakuja meupe. Vumbi jeupe, Mama Pacha. Sijui hata ni wapi huko. Njiani siku moja na nusu. Tani akipandisha bei anasema mafuta, anasema barabara. Mimi natazama matairi."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua kazi inanikimbia. Ila sikutaka nichekwe kabla haijafika mbali." Alikohoa, akafuta mdomo. "Wewe umefanya nichekwe sokoni, lakini hujaiua wewe."

* * *

Lori lilifika Ijumaa asubuhi, matairi meupe. Baba Pacha alikuwa amekuja kwa miguu, polepole, shingo imezungushiwa skafu ya Mdogo, naye mkewe pembeni. Tani, mwenye lori, alikuwa mtu mkubwa mwenye tabia ya kuhesabu kwa kupiga tumbo lake.

"Ishirini yako haya, mgonjwa. Vijana, shusheni!"

"Shusha kumi."

"Sijasikia."

"Nimetanguliza nusu ya ishirini. Nusu yake ni kumi. Shusha kumi, hatudaiani."

Tani aliwageukia watu, kwa maana hakuwa mtu wa kupoteza kichekesho bila wasikilizaji. "Miaka kumi na minne namletea mkaa, leo anataka kijiko! Ni yeye anayesema au ni kikapu?" Watu wakacheka. Mama Pacha alihisi masikio yanawaka, akatazama chini, akajiandaa kusikia mumewe akibadilisha neno.

"Tumeshauriana," alisema Baba Pacha. "Mimi, kikapu, na mke wangu. Kumi."

"Nikiondoka na haya mengine, sirudi kwako. Sipitii kona hii kwa magunia kumi."

Hapo Baba Pacha alisita. Mkewe alimwona akitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. Miaka kumi na minne si koti la kuvua na kutundika. Kisha akaondoka mbele ya lori ili vijana wapate njia ya kushusha.

Magunia kumi yalishuka. Lori lilipokwisha kukata kona, Baba Pacha alikaa juu ya mojawapo, na muuza vitunguu, bila kuombwa, akamletea maji.

* * *

Mwezi uliofuata ulikuwa mwembamba. Nusu ya kibanda walimpangisha muuza vitunguu. Mapacha walishinda na viatu vilivyotiwa viraka vya mpira wa baiskeli, na Mkubwa, aliyeahidiwa vipya, alikula siku mbili bila kumwangalia baba yake. Kulikuwa na jioni walizokula mboga za kwenye ndoo na wali mdogo, wakaita kushiba. Mama Pacha alishona hadi vidole vikafa ganzi. Nguo kuukuu zilimwishia upesi kuliko pumba, na vikapu viwili alivyomshonea mke wa mwenye nyumba vilirudishwa: kimoja mfuniko umelegea, kingine, alisema mama huyo, kina rangi ya kimaskini. Alivifumua akavianza upya.

Mama Sahani aliagiza vitatu kwa mpigo na kulipa mbele ya watu, kwa sauti, na huenda hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Baba Pacha, kifua kilipomruhusu, alichukua mkokoteni akazunguka kwa maseremala kuomba maranda ya kujazia mito. Aliyachekecha nje, kitambaa puani, mgongo kwa upepo, kama Nesi alivyomwelekeza. Jioni alikaa mlangoni akishindilia maranda ndani ya mito, kwa mikono ileile minene, na alishindilia vizuri kuliko mkewe, jambo ambalo lilimpendeza akajaribu kuficha.

Jumamosi moja asubuhi walipanga vikapu sita juu ya mkokoteni, Baba Pacha akaondoka navyo kwenda mitaa ya juu, ambako hawajulikani. Mama Pacha alibaki cherehani, mapacha wakifanya hesabu kwenye sakafu. Ni hapo alipokumbuka kwamba mumewe hakuwahi kuita mteja maishani. Mkaa haukuhitaji kuitiwa watu, njaa ilikuwa ikiwaleta. Angetembea mtaa mzima kimya, akidhani watu wataona wenyewe.

Kutoka mwanzo wa njia ilisikika sauti, ndogo, kama ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Vikapu."

Gurudumu lilikwaruza.

"Vikapu vya kupikia."

"Mungu wangu, ni baba," alisema Mkubwa, akajiziba uso kwa daftari. Mdogo alikuwa ameshafika dirishani, amelisukuma wazi na kutoa nusu ya mwili nje. Mama Pacha hakusogea. Aliishika meza ya cherehani kwa mikono miwili, akimsukuma mumewe mbele kwa moyo wote, hatua kwa hatua, hadi kikohozi kimoja kikasikika, kifupi, cha kusafisha koo, na baada yake sauti iliyofika hadi sokoni:

"Vikapu! Vikapu vya mke wangu!"